Sufuria Isiyo na Chumvi

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, nilipouona mdomo wa mavyaa wangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshakaa naye nyumba moja, hapa hapa Ibra, tangu nilipoolewa na babu yako. Tukila sinia moja, tukisali juu ya mkeka mmoja, na mdomo wake sikupata kuuona. Niliposimama mlangoni pa jiko nikauona, nikashika ukuta. Andika kama nisemavyo, wala usipambe. Mimi skuli sikwenda, lakini neno likiondolewa mahali pake nalijua.

Mavyaa wangu, mama yake babu yako, akiitwa Bi Shamsa. Unguja alikaa miaka mingi, na huko ndiko alikomzaa na kumlea babu yako, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, kimenyooka kama uzi. Lakini aliporudi huku kwa wazee wake wa Kiarabu aliivaa tena barakoa, kama walivyoivaa mama zake wa Sharqiya: kitambaa kigumu cheusi chenye kijiti cha wasa kilichopita juu ya pua, kinachofunika uso mpaka kidevuni, yakabaki macho tu. Wanawake wengine wakiingia ndani huivua. Yeye hakuivua hata mbele yetu. Akitaka kula hulipitisha tonge chini ya kile kitambaa, na mkono ukatoka mtupu. Sisi tukasema, hiyo ndiyo staha ya watu wa zamani. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, mwanangu, na Bi Shamsa alikuwa hai, hakuwa na mwosha.

Ilikuwa ile miaka ya sabini inayomalizikia, barabara ya lami inatoka Bidbid inakuja upande wetu. Babu yako Nasor alikuwa msimamizi wa madereva katika kazi hiyo, na mkubwa wake alikuwa Mzungu mmoja mhandisi. Mzungu huyu alikuwa na wanyama wawili aliowapenda kama watoto. Wakati wa baridi akapata habari kuwa babake mgonjwa, akataka kusafiri kwao, akamwomba Nasor amwekee wanyama wake mpaka atakaporudi. Nasor hakuniuliza. Tulishtukia anaingia uani amekumbatia tundu la waya.

Wifi yangu Salha, dadake Nasor, alikuwa wa kwanza kuchungulia. Akaruka nyuma na kanga imemdondoka.

"Jamani wee! Nasor katuletea kicheche! Fungeni kuku!"

"Si kicheche," babu yako akasema. "Wenyewe humwita fereti. Jamaa zake kicheche na nguchiro, lakini huyu amezaliwa ndani ya nyumba za watu, hata akutane na kuku hajui aanzie wapi."

"Hajui? Basi harufu hiyo kaazima kwa nani?"

Tulicheka, lakini nakuambia kweli, mimi nilifadhaika. Mnyama mrefu kama mguu wa soksi, mgongo umepinda, macho kama mbegu za papai, na harufu yake ilitangulia mlangoni kabla yake. Mmoja alikuwa kijana, hatulii. Wa pili alikuwa mzee, manyoya yamepauka, meno yamekwisha, na huyo tukamwita Shaibu. Bi Shamsa aliinama akamtazama sana, kisha akasema, "Maskini, mzee mwenzangu," akarudi kwenye buli lake la kahawa.

Nasor akatukusanya sote akasema, "Sikilizeni. Hii ni amana. Mtu kaiacha mikononi mwetu na kenda zake akituamini. Mnyama akipungua hata unywele, nitauweka wapi uso wangu?" Nawe wajua, katika ukoo wetu amana haichezewi. Mtu huweza kusamehewa deni, huweza kusamehewa tusi, lakini aliyekula amana hata ushahidi wake haukubaliwi.

Basi nikafundishwa kupika. Mzungu alikuwa amemwonyesha Nasor, na Nasor akanionyesha mimi, na mimi nililishika somo lile kwa mara moja, maana asiyejua kuandika hana pa kuweka ila kichwani. Nilichukua kuku wa halali, mapaja na ngozi yake, na maini na moyo. Nilivichemsha kwa moto mdogo mpaka nyama ikajivua mifupa yenyewe. Mifupa yote nikaitoa, nikapapasa kwa vidole nisiache hata mwiba, kwa sababu mfupa uliopikwa huvunjika kama kioo ukamchana mnyama matumbo. Nikaipitisha nyama kwenye mashine ya kusagia, ile ya kuzungusha kwa mkono, kisha nikaipitisha tena. Nikarudisha supu yake kidogo kidogo mpaka ikawa kama uji mzito, nikatia kiini cha yai. Chumvi hapana. Kitunguu maji na kitunguu thomu hapana. Wala ngano, wala tende, kwa sababu matumbo ya wanyama hawa ni mafupi na hayajui kitu ila nyama. Salha alishika kiuno: "Nyumba ya Ibra, mgeni asiambiwe karibu tende? Haya ni makubwa!"

Na kwa kuwa matumbo ni mafupi, njaa huwarudia upesi, ikabidi nipike asubuhi sufuria ndogo na kuwagawia mara nyingi mpaka usiku. Kila mara nilikipasha moto, nikatia tone kwenye kifundo cha mkono nione kisiunguze, kisha Shaibu nikamlambisha kwa kidole. Akitema, nilikilainisha zaidi. Akigeuza kichwa, nilimngoja. Wewe waijua kazi hiyo; nakuona na paka wako.

Babu yako akaona fahari kubwa. Wageni wakija huwapeleka kwenye tundu: "Mtazameni mke wangu anavyomtunza. Mnyama hana jino, na hakosi chakula!" Watu wakastaajabu, wakanisifu, nami nikavimba kichwa kidogo, sikufichi.

Sasa nitazame hapa, maana hapa ndipo penye fundo. Katika nyumba yetu chakula cha mchana ni sinia moja ya wali, na nyama juu yake. Mkubwa hukatiwa kipande bora kikawekwa mbele yake, na bora kwetu ni bega lenye fupa. Nasor hakupata kumkosesha mamake bega hata siku moja. Akilipasua kwa mkono wake, akiliweka upande wa mamake, akisema, "Tafadhali, mama." Na Bi Shamsa husema, "Mungu akuzidishie," kisha hulisukuma bega lile taratibu kwa watoto wa Salha, tonge moja la wali likapita chini ya barakoa, na kabla hatujafika nusu hujifuta mkono: "Alhamdulillahi, nimeshiba." Sisi tukatazamana kwa furaha. Mama ana huruma na wajukuu! Sinia ina baraka, mwanangu, lakini pia ina siri: mikono ikiwa mingi, hakuna ajuaye mkono upi ulirudi mtupu.

Hazikupita siku nyingi nikaona sufuria ya fereti inapungua. Asubuhi nilipika kipimo kile kile, na alasiri nikifunua nakuta fungu la mchana limekwenda. Nikasema ni paka wa jirani. Nikafunika, na juu ya kifuniko nikaweka jiwe. Alasiri nikalikuta jiwe limewekwa pembeni, vizuri, na kifuniko kimerudishwa. Paka haweki jiwe pembeni. Nikamfikiria Salha na watoto wake, nikanyamaza kwa kuchelea ugomvi. Kumbe na Salha alikuwa akinifikiria mimi. Na Shaibu, ambaye ndiye aliyekuwa akingoja fungu lile, akaanza kukonda. Mwenzake aliweza kuguguna maini yaliyochemshwa. Yeye hakuwa na njia nyingine.

Nasor akalitambua siku alipombeba kuwaonyesha wageni. Mbavu zilikuwa zimechomoza chini ya manyoya. Hakusema mbele ya watu. Asubuhi ya pili akanisimamisha uani.

"Zuwena, kuku ninaowaleta wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda sufuriani, na sufuria inapungua, wala sijui nani anaipunguza."

"Hujui? Jiko ni lako, sufuria ni yako."

Salha akadakia kwenye dirisha: "Kaka, usimwonee. Labda mashoga zake aliotoka nao Unguja wanaokuja kumsalimia ndio wana midomo ya fereti."

"Salha, Mungu akusamehe!" nikapiga ukelele. "Mimi nile cha mnyama? Mimi niiibe amana?"

"Mnyama anakufa," babu yako akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, jambo lililonitisha kuliko kelele. "Mwenyewe akirudi nitamwambia nini? Kuwa mke wangu kala kwa niaba yake? Funga nguo zako. Baada ya chakula cha mchana nakupeleka Nizwa kwa kaka zako. Ukae huko mpaka niijue kweli."

Niligeuka nikamtazama Bi Shamsa. Alikuwa amekaa mahali pake ukutani, kikombe cha kahawa mkononi, kayasikia yote. Ile barakoa nyeusi ilikuwa imenielekea kama mlango uliofungwa. Ah, mwanangu! Nililia kwa kitu kimoja tu: kwamba mama yule, niliyemfulia na kumkanda miguu, hakunitetea hata kwa kukohoa.

Fahamu ni jambo gani lile kwa mwanamke wa zamani zile. Kurudishwa kwenu kwa sababu ya ugomvi, watu husuluhisha. Kurudishwa kwa kuiba, tena kuiba amana, tena amana yenyewe chakula cha kicheche! Kaka zangu wangeuza nyumba wakahama Nizwa. Na mimi nilikuwa na mimba changa ya baba yako ambayo hata Nasor hakuwa ameijua.

Chakula cha mchana kililiwa na mimi sikula. Watu wakaingia vyumbani kujinyoosha, kama desturi. Nikachukua begi langu, Nasor akachukua ufunguo wa gari. Tulipofika uani nikamwambia, "Ningoje. Nimlishe Shaibu mara ya mwisho, asije akafa ukasema nimemwacha na njaa." Akanifuata nyuma, nadhani kwa kutoniamini.

Mlango wa jiko ulikuwa wazi.

Bi Shamsa alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, sufuria ya fereti mapajani, kijiko mkononi. Barakoa ameipandisha juu ya kipaji cha uso. Nikauona mdomo wake: hauna jino hata moja. Ufizi mtupu, mwekundu, umeingia ndani, na mashavu ambayo hatukuyaona miaka yote yamebonyea kama mfuko uliomwagwa. Alikuwa mwembamba, mwanangu, mwembamba kuliko Shaibu. Nikashika ukuta. Nyuma yangu nilisikia ufunguo wa gari umeanguka sakafuni.

"Mama!" Nasor akalia. "Hicho ni chakula cha mnyama!"

"Nakijua," akajibu, na kijiko kikaenda tena mdomoni. "Hakina chumvi. Mnyama gani huyu hataki hata ndimu?"

"Mama... una njaa? Nyumbani kwangu?"

Akaweka kijiko. Akamtazama mwanawe kwa ule uso usio na pazia, na hasira yake ilikuwa tulivu.

"Nyumba yako, Nasor, na sinia yako. Kila siku waniwekea bega mbele yangu, watu wanasema Nasor anamtukuza mamake. Haya, utazame mdomo huu vizuri. Fupa lako nilitafune kwa nini? Kwa barakoa?"

"Mbona hukuniambia?"

"Mama akafike mahali pa kumwambia mwanawe, nina njaa? Kisha abaki na nini? Nilikulisha wewe kabla hujaujua ulimi. Hukuniomba." Akaonyesha kwa kidole upande wa tundu. "Na huyu mzee mwenzangu, kakuombeni? Hasemi, lakini mlimfunua mdomo, mkamtazama, mkajua. Mmempikia, mmemsagia, mmempimia moto kwenye kifundo cha mkono. Akitema hamkasiriki. Mimi mmenitazama wapi?"

Salha alikuwa amefika, kajiziba mdomo kwa kanga.

"Nilikuja hapa mara ya kwanza kwa kunusa tu," akaendelea. "Nikaonja. Kilipita. Wallahi kilipita chenyewe, bila ya kunitia uchungu, nikalia hapa peke yangu kama mtoto. Fungu la Shaibu nimelila mimi, na hilo ni kosa langu, nitalijibu mbele ya Mungu na mbele ya Mzungu wenu. Lakini mkaza mwanangu hakuiba kitu. Siku zote nikiingia humu huurudisha mlango. Leo nimeuacha wazi. Lirudisheni begi lake ndani."

Ndipo nilipoelewa, mwanangu. Kumbe ule ukimya wa asubuhi, nilioudhania kuwa ni ukatili, ulikuwa ni mwanamke anapima kitu cha mwisho alichobakiwa nacho. Mdomo ule aliuficha kwa mume wake mpaka akamzika, akauficha kwa wanawe, kwa majirani, kwa sisi tuliolala naye nyumba moja. Angeweza kusema neno moja tu nyuma ya barakoa. Alijua kuwa neno hilo lingetiwa shaka, watu wangesema anamfichia siri mke wa mwanawe. Akachagua kuonekana. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa nikilisikia neno hilo tangu utotoni, na siku ile ndipo liliponipiga.

Babu yako, mtu aliyeamrisha malori, alikaa chini kwenye majivu na kanzu yake nyeupe. Akambusu mamake mikono, akataka kumbusu kipaji.

"Niache," akasema Bi Shamsa, akiishusha barakoa. "Nanuka kicheche." Na hapo tukacheka huku tunalia, hata Salha, ambaye baadaye alikuja chumbani kwangu akanitolea nguo begini moja moja bila ya kusema kitu, akazikunja.

Tangu siku hiyo nilipika sufuria mbili. Moja ya Shaibu, kama ilivyoamrishwa. Ya pili ya Bi Shamsa, kwa ufundi ule ule, lakini na chumvi, na ndimu, na binzari nyembamba, na wali uliopondeka. Nilikipima moto kwenye kifundo cha mkono. Kikawa kinatangulia kabla ya sinia kutoka, kwenye bakuli lake mwenyewe, na bega likawekwa kwa wenye meno. Shaibu akanenepa kabla bwana wake hajarudi, na Nasor alimweleza Mzungu yote bila ya kuficha, maana amana huongozana na ukweli. Bi Shamsa naye akajaa mashavu, ingawa sisi hatukuyaona. Tuliyajua kwa sauti. Akamlea baba yako mpaka akasimama dede.

Basi sikiliza nasaha, nawe uiandike kwa herufi za kusomeka. Usimpe mtu unachojivunia kumpa. Mpe anachoweza kukipokea. Heshima ikizidi macho huwa fupa mbele ya asiye na meno. Mtu mzima aliyekulea hatakuomba, na akikuambia ameshiba, mtazame mkono wake umerudi na nini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hasa wakila sinia moja. Na kabla hujamwita mtu mwizi, jiulize kwanza ni nani aliye na njaa ndani ya nyumba yako. Babu yako aliihofia amana ya mgeni aliyeondoka kwa wiki chache, akaisahau amana iliyomzaa. Sisi sote tuliisahau. Mimi niliyesifiwa kwa mkono mwepesi nilikuwa wa mbele.

Wanyama nao wana haki, sikatazi. Aliyemfunga paka bila ya chakula tumeambiwa mwisho wake ni Motoni. Lakini mnyama huyo akufundishe, asikupumbaze. Ukijua kumlainishia yeye, umeshajua kumlainishia kila mtu. Huna tena udhuru.

Siku ya pili ya Idi, mwanangu, mlinirundikia mishkaki mbele yangu, minene kuliko yote, mkasema, "Hii ya Bibi." Nikaisukuma kwa watoto. Mkacheka mkasema, Bibi ana huruma. Kisha wewe ukainuka ukampashia paka wako chakula chake, ukakipima kwa kidole.

Mimi siombi. Nimesimulia tu.

Mungu akupe macho ya kuuona mdomo uliofungwa. Akupe mkono mwepesi na jiko lisilozimika. Na siku meno yako yatakapokwenda, maana yatakwenda, asikuache bila ya mtu wa kukutazama usoni. Amin, mwanangu, amin.